Kamba ya Kuywa

Kabuchai, 5 Machi 1944, Jumapili

Leo baada ya ibada mkuu wa kijiji alisimama akatuambia jambo ambalo hata mbuzi wa Kabuchai wanalijua: mvua iko njiani na daraja la Kuywa halina kamba. Daraja lenyewe ni magogo mawili yaliyolazwa juu ya mto. Kiangazi mtu anapita huku akitafuna muwa. Mvua zikija, maji yanafunika magogo mpaka magotini, na hapo kinachokuvusha ni kamba ya kushika, basi. Ile ya zamani ilichukuliwa na mafuriko ya Novemba.

Wabwile, ndugu ya marehemu mume wangu Wakhungu, akasema inunuliwe mjini Bungoma. Watu wakacheka. Inunuliwe wapi? Tangu vita vianze katani yote inakwenda huko huko kwenye vita, hata kamba ya kufungia ndama hupati dukani. Ndipo mkuu akanitazama mimi, kwa sababu kamba ya mto ilikuwa kazi ya Wakhungu wangu miaka yote, na mimi ndiye niliyekuwa nikimzungushia vipini. Nikasema, "Nitaisokota."

"Wewe Edah? Na nani?" akauliza Wabwile.

"Kwani nimekuomba mkono wako?"

Watu wakacheka tena, na safari hii walimcheka yeye. Lakini nimefika nyumbani nikakaa chini nikajua ameuliza swali la haki. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na kamba nene haisokotwi na mtu mmoja. Mmoja anakaa huku, mwingine kule. Wanangu wa kiume wote wawili wako jeshini. Nimebaki na binti yangu Nasimiyu, ambaye amerudi kwangu kutoka Kitale kuzaa mtoto wake wa kwanza, na tumbo lake limekwisha kuwa kubwa.

Na hilo tumbo ndilo linaloninyima raha. Mkunga wetu, Jerono, yuko kwenye zahanati, ng'ambo ya mto. Amempapasa Nasimiyu akasema mtoto amekaa vibaya, asithubutu kuzalia nyumbani. Ng'ambo hatuna ndugu wa kumlaza huko mpaka siku ifike. Kwa hiyo itabidi avuke siku hiyo hiyo, mwisho wa Mei anavyohesabu Jerono, wakati Kuywa imejaa pomoni.

8 Machi

Nimekata mkonge wa ule ua wa shamba la zamani. Utomvu wake unawasha! Nimejikuna mpaka kwapani.

14 Machi

Kuponda, kukwangua, kuosha, kuanika. Majani nayalaza juu ya gogo, nayaponda kwa rungu, kisha nayakwangua kwa kibao butu mpaka nyama yote ya kijani itoke na kubaki nyuzi nyeupe. Mgongo unalia. Nasimiyu anachana nyuzi akiwa amekaa, anaimba nyimbo za kanisa vibaya sana.

20 Machi

Nimeshusha vyombo vya Wakhungu darini. Ubao wenye matundu matatu upo mzima. Vipini vitatu vya kuzungushia, vilivyopinda kama kiwiko, vipo. Lakini yai limekwisha. Yai ni kile kipande cha mti chenye mifuo mitatu ubavuni: nyuzi tatu zinapita kwenye mifuo, mtu anatembea nalo, na nyuma yake kamba inajifunga yenyewe. Mchwa wameligeuza unga. Nilipolishika lilivunjika mkononi nikaketi nikalia, mimi mtu mzima, kwa ajili ya kipande cha kuni.

Nasimiyu akasema, "Mayi, si mume wangu Kagwe ni seremala?"

Nikamwambia sitaki kusikia.

21 Machi

Ameshamwandikia. Nilikuwa nimekwenda kisimani.

29 Machi

Amekuja. Ametoka Kitale kwa baiskeli, vumbi mpaka kope. Bwana wa shamba amefunga karakana ya mbao mpaka mvua zipungue, kwa hiyo ana nafasi.

Niandike hapa ninavyomwona, maana hakuna atakayesoma. Huyu Kagwe ni Mkikuyu, amezaliwa huko huko Kitale kwenye mashamba ya Wazungu, ambako mama yake Wangui analima mpaka leo. Alifunga ndoa na binti yangu kanisani, sina neno juu ya hilo. Mrefu, mkimya, anatabasamu bila sababu. Sijawahi kusema naye hata neno moja, na si kwa chuki. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawasogeleani. Hawashikani mkono, hawali mbele ya mwenzake, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Ndiyo heshima. Nasimiyu amemfundisha, kwa hiyo alisimama langoni, akavua kofia, akaniamkia kutoka mbali huku akitazama mti. Nami nikamwitikia mti. Atalala kwa Wabwile.

3 Aprili

Amechonga yai jipya kwa mzeituni wa porini. Limeletwa na Nasimiyu. Nililigeuza, nikapitisha kidole kwenye kila mfuo nikitafuta mahali palipokwaruza. Hapakuwepo. Nikaudhika zaidi.

Ngurumo upande wa mlima Elgon, lakini hakuna mvua.

9 Aprili, Pasaka

Ibada nzuri. Tumekula kuku. Mkwe amekula kwa Wabwile, nami nimekula nyuma ya nyumba, kila mtu na mfupa wake.

12 Aprili

Tumeanza. Kama Wakhungu anaona, bila shaka anacheka huko aliko.

Ubao wangu niliukita mlangoni kwa jiko. Kagwe alisimama mwisho kabisa wa uwanja, karibu na migomba, ameshika ncha tatu zilizofungwa pamoja. Nasimiyu katikati na yai. Hakuna kazi duniani inayowafaa watu wa kuepukana kama hii! Nilijisemea hivyo nikafurahi. Mimi nazungusha huku, yeye anazungusha kule, na uwanja mzima uko kati yetu.

Nikitaka kumwambia kitu naiambia nguzo ya ubao wangu. "Nguzo, huyo mtu akaze. Nyuzi zinalegea." Na kumbe naye hajambo. Siku ya kwanza tu akajibu kwa sauti, akiitazama migomba, "Nguzo, mwambie mama nimekaza." Nasimiyu alicheka mpaka akashika tumbo.

Lakini nilisahau kitu kimoja, mimi niliyezungusha vipini miaka yote hiyo. Kamba ikisokotwa inafupika. Kila ukizungusha, yule wa mwisho anavutwa mbele. Siku zile mtu aliyevutwa kuja kwangu alikuwa mume wangu, sikuona shida yoyote! Leo namwona Kagwe anakuja, hatua kwa hatua, visigino vikikwaruza vumbi. Nikasimamisha kazi kabla hajafika katikati ya uwanja. Tumepata kipande kifupi tu, kisichofika hata nusu ya mto.

13 Aprili

Wabwile amekuja kutazama. Ameleta kigoda chake kabisa. Anakaa kwenye ua, anapima kwa macho umbali kati yangu na mkwe wangu kama mtu anayeuza shamba.

19 Aprili

Siku mbaya.

Tulikuwa tumepata dawa ya kufupika. Nyuzi tulizirefusha sana, zikatoka uwanjani zikapita migomba mpaka barabarani, ili Kagwe akivutwa abaki bado mbali. Kazi ya juma zima ilikuwa pale imenyooshwa, nyeupe, nzuri. Tulipofika nusu Nasimiyu akasema miguu imevimba, hawezi tena kutembea na yai. Akaketi. Kagwe akafunga ncha yake kwenye kisiki, akaja kuchukua yai mwenyewe, akaendelea kulisukuma. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye vipini. Mtu anayezungusha vipini haangalii pengine, vinginevyo uzi mmoja unapata msokoto kuliko mwenzake.

Sasa seremala akipenda kazi yake huwa hayupo duniani. Alikuja na yai lake, anakuja tu, anaitazama kamba inavyojifunga vizuri, anatabasamu, mpaka akafika. Nikaona vidole vyake kando ya vyangu. Akasema, "Mama, shika hapa, imekaribia kuisha," na akanishika mkono akauweka kwenye kamba.

Yesu wangu! Niliachia vipini vyote vitatu nikakimbilia ndani nikafunga mlango.

Huwezi kuachia vipini. Nyuzi zilizobanwa hivyo zikiachiliwa zinarudi nyuma zikijikunja. Nilisikia mlio wake nikiwa ndani. Nilipotoka, kazi ya juma zima ilikuwa rundo la mafundo barabarani, na Kagwe amepiga magoti kando yake, amefunika uso.

Wabwile alikuwa amekwisha simama. "Ameshika mama mkwe! Mbele ya macho yangu! Huyu arudi kwao Kitale leo hii, na pachinjwe kondoo wa kusafisha nyumba." Nasimiyu akalia. Mimi nilikuwa nimeaibika na nilikuwa na hasira, tena hasira yenyewe sikujua nimkasirikie nani. Yeye alinishika, ni kweli. Lakini kamba niliiharibu mimi.

Jioni mvua ya kwanza imenyesha.

20 Aprili

Asubuhi nilitoka nikijua nitakuta uwanja mtupu. Kagwe alikuwa huko mwisho kwenye migomba, amenipa mgongo, anafungua mafundo moja moja. Kumbe hakurudi Kitale. Pembeni yake palikuwa na panda la mti, kama lile la kukokotwa na ng'ombe, na mawe juu yake.

Nasimiyu alikuwa bado amelala. Hapakuwa na mtu wa kubeba maneno. Nikapanga kuni, nikafagia palipokwisha fagiwa. Mwishowe akasema, akiiambia migomba:

"Nguzo ya mama, naomba uniskize. Kwetu pia iko heshima. Mimi jana nimekosa, nimesahau. Ile kitu nimefikiria usiku ni hii. Ncha tunafunga kwa hii panda. Mawe inakaza, na panda inavutwa yenyewe, si mtu. Mimi nitashika yai, lakini nitatembea kinyumenyume. Mama ataona mgongo yangu tu. Nikifika kwa ile jiwe nyeupe nasimama, naenda zangu, mama anamaliza mwenyewe."

Niliutazama ule mgongo. Shati limechanika begani na kushonwa na mtu asiyejua kushona, yaani yeye mwenyewe, maana binti yangu nilimfundisha. Nikawaza: huyu mtu alifokewa kama mtoto mbele ya mke wake, akaenda akakesha akitafuta njia ya kuniheshimu. Mwingine angekwisha panda baiskeli yake.

Nikasema, "Nguzo, mwambie chai iko kwenye jiwe jeupe. Aje aichukue nikiingia ndani."

27 Aprili

Mvua kila alasiri. Tunasokota asubuhi. Mkwe wangu anakuja kwangu kinyumenyume, na panda linakokotwa na mawe yake likilia krrr, krrr. Wabwile amekaa na kigoda chake, ametafuta kosa hajaliona. Akasema tu, "Sijawahi kuona jambo kama hili." Nikamwambia basi atazame vizuri.

30 Aprili, Jumapili

Sikwenda kanisani. Nimesokota. Mungu anajua Kuywa imefika wapi.

4 Mei

Kamba imekwisha! Unene wa kifundo cha mkono, hakuna mahali ilipolegea. Kagwe na vijana wawili wa kijiji waliokuja likizo wameifunga, ng'ambo kwenye mkuyu na upande wetu kwenye mti mmoja uliosimama ukingoni. Mto umepanuka kuliko nilivyopima, na kipande kilichobaki upande wetu ni kifupi, lakini fundo limekaa. Vijana walivuka na kurudi wakiruka juu ya magogo kama wazimu, kamba haikulalamika.

5 Mei

Nimelala mchana kutwa.

11 Mei

Ninaandika kwenye benchi la zahanati, kwenye karatasi za Jerono. Nitazibandika baadaye.

Uchungu ulimshika Nasimiyu jana alfajiri, mapema kuliko hesabu yote. Mvua ilikuwa imenyesha tangu juzi bila kupumua. Wabwile alikuwa barazani Bungoma. Nikawaita jirani zetu wawili, wanawake wenye nguvu, wakamshika huku na huku tukashuka mtoni. Kagwe akatangulia, mbali mbele yetu, kama inavyotakiwa.

Magogo hayakuonekana. Maji mekundu yalikuwa yanapita juu yake yakivuta majani na matawi. Kamba tu ndiyo ilionekana. Nasimiyu akaitazama akaniambia, "Mayi, naogopa." Nikamwambia, "Hii kamba nimeisokota mimi na mume wako. Ishike." Akaishika. Mwanamke mmoja mbele, mmoja nyuma, yeye katikati, wakaingia. Kagwe alikuwa amesogea kando, aingie nyuma yao.

Walipofika katikati nikasikia ardhi inapasuka. Ule mti wa upande wetu! Maji yalikuwa yamekula chini yake usiku kucha, na sasa uzito wa wanawake watatu ulikuwa unauvuta. Ukainama kama mzee anayetaka kuketi. Kamba ikalegea, nikaona Nasimiyu anapepesuka, maji yamemfika kiunoni. Nikapiga kelele, sijui nilisema nini.

Kagwe aligeuka akairukia kamba pale mbele ya mti, akaizungusha mgongoni mwake, akachimba visigino kwenye tope. Mti ukaanguka mtoni, fundo likafunguka likaenda. Sasa aliyeshika kamba ni yeye peke yake, na alikuwa anateleza kwenda majini. Anateleza, anateleza. Nyuma yake kilikuwa kimebaki kipande cha kamba kama urefu wa mkono wangu.

Sikufikiria, nikisema ukweli. Nilikishika kile kipande. Na kwa sababu kilikuwa kifupi hivyo hapakuwa na mahali pa kusimama ila pale pale nyuma yake, kifua changu kwenye mgongo wake, paji langu kwenye shingo yake. Tukavuta. Miguu yangu ilikuwa kati ya miguu yake. Nilisikia moyo wake unavyopiga kupitia lile shati, naye bila shaka alisikia wangu. Hakugeuza kichwa hata kidogo. Alikuwa anasema neno moja tu kwa Kikikuyu, tena na tena, nadhani alikuwa anaomba.

Kamba ilikaza, ikalia, haikukatika.

Kisha yale maji yakatuletea sauti kutoka ng'ambo, wanawake wakipiga vigelegele. Wamefika.

Kagwe akasema, bado amenipa mgongo, "Mama, wamevuka."

Hapakuwa na nguzo. Hapakuwa na mgomba wala mti. Nikamjibu yeye mwenyewe, "Ndiyo, Kagwe, mwanangu. Wamevuka." Tukakaa kwenye tope tukalia, yeye akitazama mto na mimi nikitazama mlima.

Wenzetu wa ng'ambo wakailegeza kamba kwenye mkuyu, tukaifunga kwenye mwamba ulio juu zaidi tukavuka nasi. Jerono alimgeuza mtoto kwa mikono yake, akatutia hofu ya saa nyingi. Ni msichana. Anaitwa Wangui, jina la mama yake Kagwe, ndivyo wanavyofanya kwao. Wakati huu analia, na sauti yake ni yangu kabisa.

14 Mei, Jumapili

Tuko nyumbani. Mto umepungua kidogo.

22 Mei

Kagwe amekwenda Kitale, bwana wake amefungua karakana. Atarudi kuwachukua Nasimiyu na mtoto, shingo ya mtoto itakapokuwa imara. Aliniaga kutoka langoni akitazama mti, kofia mkononi, kama mtu mwenye adabu zake. Nami nikamwitikia mti. Lakini nilitoka jikoni nikasimama uwanjani nikamtazama mpaka baiskeli ilipopotea.

28 Mei, Jumapili

Wabwile amekuja baada ya ibada, hakungoja hata nimpe maji. Watu wamemwambia. Amesema lile la Aprili lilikuwa mkono, lakini hili la mtoni ni jambo lingine, na lazima ajue la kuwaambia wazee.

"Edah, mlisimama karibu kiasi gani?"

"Karibu kiasi cha kamba iliyokuwa imebaki."

Alinitazama. Akamtazama mtoto aliyelala kwenye ngozi, akamtazama Nasimiyu. Nikamwambia kondoo nitamtoa, wazee wale washibe, sina ugomvi na desturi. Akakohoa. Akazungumza habari za mahindi, habari za soko la Bumula, habari za mvua. Alipokwisha kusimama aende, akasema ati fahali wake mkubwa amekata kamba mara mbili, na kama nina nafasi nimsokotee moja nene kama ile ya mtoni.

Nikamwambia itabidi angoje. Mwenzangu wa kusokota yuko Kitale, na bila yeye sigusi kipini.